Mafuriko ya Migodi ya Tanzanite Mirerani

Mirerani, katika wilaya ya Simanjiro mkoani Manyara, ni eneo kame. Mvua zake ni chache, na makorongo yake hukaa bila maji sehemu kubwa ya mwaka. Hata hivyo, misiba miwili mikubwa ya uchimbaji wa tanzanite ililetwa na maji: wa Aprili 1998, katika mvua za El Niño, na wa Machi 2008. Kila mmoja uliua makumi ya wachimbaji wakiwa chini ya ardhi.

Tanzanite iligunduliwa mwaka 1967, na mwanzoni ilichimbwa kwa mashimo ya wazi. Serikali ilitaifisha migodi mwaka 1971, lakini miaka ya 1980 maelfu ya wachimbaji wadogo walimiminika huko. Mwaka 1990 eneo liligawanywa kuwa vitalu A, B, C na D. B na D vikawa vya wachimbaji wadogo. Kwa kuwa kila mmoja alipata kiwanja kidogo, pa kwenda palikuwa chini tu. Wanaapolo, yaani wachimbaji hao wa chini ya ardhi, wakafuata miamba yenye kinywe (grafiti), iliyolala mshazari, hadi kina cha mamia ya mita. Huko chini njia za mgodi mmoja zilikutana na za mwingine, jambo linaloitwa mtobozano. Mitobozano ilijulikana zaidi kwa kuzusha ugomvi wa kugombea mawe ya thamani, lakini mvua ikinyesha hugeuka mifereji: maji yaliyoingia shimo moja huwafuata watu katika shimo la jirani.

Maji ya mgodini ni ya aina mbili. Yanayochuruzika kutoka kwenye miamba huja polepole, na pampu huweza kuyamaliza. Ya mvua hushuka kwa muda mfupi kutoka mteremko mzima, na pampu hazifui dafu. Mwaka 2008, kwa mfano, zilitumika kunyonya maji wakati miili ikitafutwa. Kinga dhidi ya maji ya mvua iko juu ya ardhi, nayo huandaliwa wakati wa kiangazi: mdomo wa shimo huinuliwa na kuzungushiwa tuta, mtaro huchimbwa upande wa juu ili kuyakinga maji, na kifusi hakimwagwi kwenye korongo, kwani kikiziba njia ya maji, maji hujitafutia nyingine. Chini, mitobozano huzibwa kwa kuta imara. Masika yakianza, anga na makorongo huangaliwa, na watu hutolewa mashimoni kabla mafuriko hayajafika.

Ugumu wa Mirerani ulikuwa katika umiliki kuliko katika ufundi. Mwenye mgodi mmoja anaweza kuinua mdomo wa shimo lake, lakini mtaro unaofaa hupita viwanja vya wengi, na mtu akiyaondoa maji kwake tu huyapeleka kwa jirani. Kwa sababu hiyo mpango wa mitaro unapaswa kufuata mteremko na makorongo, si mipaka ya leseni, na gharama yake kubebwa na wamiliki wote wa bonde moja.