Jamii Zisizo na Mtemi: Funzo la Singida kwa Historia Yetu

Neno anakia likitamkwa, wengi wetu huwaza fujo, wizi na nyumba kuchomwa moto. Lakini katika historia ya fikra za siasa neno hilo lina maana nyingine. Ni nadharia isemayo kwamba wanadamu waweza kupatana, kugawana na kuamuliana pasipo mtawala wa kuwalazimisha. Mfaransa Pierre-Joseph Proudhon aliitetea waziwazi mwaka 1840. Mrusi Mikhail Bakunin aligombana na Karl Marx juu ya mamlaka ya dola, akafukuzwa katika umoja wa kimataifa wa wafanyakazi mjini The Hague mwaka 1872. Mwenzake, Peter Kropotkin, alitoa mwaka 1902 kitabu juu ya kusaidiana, akionyesha kwamba msaada kati ya jirani na jirani ni wa kale kuliko serikali. Baadhi ya mifano yake aliitoa kusini mwa Afrika.

Kwa msomaji wa Tanzania, swali si kama tuwafuate wanafalsafa hao. Swali ni hili: kwa nini jamii zetu wenyewe zilizoishi bila mtemi zilipata nafasi ndogo katika historia iliyoandikwa na wasomi wetu, hata baada ya Chuo Kikuu kubadilika kisiasa mara mbili? Mkoa wa Singida unatupa mahali pazuri pa kulichunguza.

Magharibi ya Singida walikuwako Wanyamwezi na watemi wao. Wanyaturu, kwa upande wao, hawakuwa na mtemi mmoja wa kuwatawala wote. Mambo ya ardhi, ndoa, deni na fidia yaliamuliwa na wazee wa koo na majirani, na ng'ombe walikuwa kiungo kikubwa cha mapatano hayo. Harold Schneider, mtaalamu wa Kimarekani aliyeishi nao na kuandika kitabu juu yao mwaka 1970, alitoa hoja mwaka 1979 kwamba katika Afrika ya Mashariki, mahali ambapo mifugo ilizidi idadi ya watu, ilikuwa vigumu mtu mmoja kujifanya mfalme. Mwenye ng'ombe wake aliweza kuingia katika mapatano kwa hiari yake, na aliyeonewa hakukosa njia ya kujitegemea.

Kaskazini ya mkoa, kuelekea Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, ambao makazi yao yameenea pia katika mikoa ya jirani. Mtaalamu James Woodburn alieleza mwaka 1982 jinsi usawa wao unavyolindwa. Nyama ya mnyama mkubwa hugawanywa kambini, na aliyemuua hapati mamlaka juu ya wengine kwa sababu hiyo. Wakigombana, upande mmoja huhama. Asiyeweza kumzuia mwenziwe asiondoke hawezi kumtawala.

Ukoloni haukuweza kuuelewa utaratibu wa namna hii. Wajerumani walitafuta mtu wa kumwamuru. Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron, walitunga mwaka 1926 sheria ya kutawala kwa kupitia wenyeji, ambayo haikuweza kufanya kazi bila machifu. Pale ambapo chifu hakuwapo, alitengenezwa. Hivyo vyeo vya machifu vilipofutwa mwaka 1963, mahali pengine kilichofutwa kilikuwa mzigo wa jana tu, wala hakikuwa mila ya mababu.

Hata kumbukumbu zetu zimeathirika. Masimulizi ya Singida yanamtaja Liti, mwanamke wa Kinyaturu aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na yasemekana aliwatumia nyuki dhidi ya askari wao. Marguerite Jellicoe aliandika juu ya upinzani huo mwaka 1969. Leo twamwita Malkia Liti. Heshima hiyo ni haki yake, lakini jina la malkia lahitaji ufalme, na ufalme haukuwapo. Watu walimfuata kwa kuamini uwezo wake, hali hapakuwa na kiti cha enzi cha kuwashurutisha.

Tukija Chuoni, kilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 25 Oktoba 1961. Wanahistoria wake wa kwanza, wakiongozwa na Terence Ranger, walikuwa na kazi ya haraka: kuthibitisha kwamba Mwafrika alikuwa na historia kabla ya mkoloni. Ushahidi uliokuwa mwepesi kuonyesha ulikuwa falme na vita. Kitabu cha historia ya Tanzania kabla ya 1900, kilichohaririwa na Andrew Roberts mwaka 1968, kiliwaeleza Washambaa, Wahehe, Wanyamwezi na Wafipa, watu waliokuwa na watawala wanaojulikana. Kazi hiyo ilikuwa njema, ila ilimjibu mkoloni kwa kutumia kipimo chake mwenyewe.

Mabadiliko ya pili yalifuata Azimio la Arusha la 1967. Wanafunzi wa USARF, chama kilichoongozwa na Yoweri Museveni, walianzisha gazeti la Cheche mwaka 1969, likapigwa marufuku mwaka uliofuata. Walter Rodney alifundisha Mlimani, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972. Sasa wafalme walishushwa na wakulima wakapandishwa. Lakini katika ngazi mpya ya historia, jamii isiyo na mtemi iliwekwa chini kabisa, ikaitwa ujima: hatua ya kupitiwa. Mnyaturu aliyekosa ufalme katika historia ya kwanza alionekana amechelewa katika ya pili.

Jambo hili lina uzito zaidi tukikumbuka kwamba miaka hiyohiyo Chuo chenyewe kilikuwa kikibishana juu ya mamlaka. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakafukuzwa. Mwaka 1971, baada ya Mwongozo wa TANU kukemea viongozi wenye majivuno, kiongozi wa wanafunzi Symonds Akivaga aliondolewa Chuoni kwa nguvu kwa kuukosoa utawala wake. Mwaka 1978 maandamano ya kupinga marupurupu ya wabunge na mawaziri yalileta tena adhabu ya kufukuzwa. Huko vijijini, ujamaa uliohubiriwa mwaka 1962 kuwa hiari ya jamaa ulikuwa umegeuka amri: Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa mashambani lazima awe anaishi kijijini. Swali la mapatano na shuruti lilikuwa mlangoni, na wazee wa Singida walikuwa na uzoefu wa kulizungumzia.

Tusiipambe historia hiyo kupita kiasi. Mababu bila mtemi walikuwa na wakubwa wao: wazee juu ya vijana, wanaume juu ya wanawake, mwenye zizi kubwa juu ya maskini. Aidha, nchi ya leo yahitaji barabara, hospitali na sheria moja. Mnaijeria Sam Mbah, katika kitabu alichokiandika na I. E. Igariwey mwaka 1997, aliona katika jamii hizo mizizi ya anakia ya Kiafrika, akauchunguza na ujamaa wetu. Si lazima tukubaliane naye. Yatosha kwamba alizihesabu kuwa jamii zenye siasa.

Basi mwalimu anapofundisha dola za kale, awaulize pia wanafunzi: katika ukoo wenu, kabla ya chifu, nani aliamua kesi ya ng'ombe, na aliyeshindwa alikubali kwa nini? Majibu yapo kwa wazee waliobakia. Yakusanywe na kuandikwa wangali hai.