Mizani Mlangoni mwa Kiwanda: Ushirika wa Wakulima Kisii na Nyamira

Siku ya kuchuma, kahawa haikwenda moja kwa moja kwenye mizani. Ilimwagwa kwanza juu ya gunia, chini ya mti uliokuwa karibu na kiwanda, na mama na majirani zake wakapiga magoti kuichambua: nyekundu huku, mbichi na zilizotobolewa na wadudu kule. Karani hakupokea debe lenye rangi ya kijani. Kazi yangu ilikuwa kushika kijitabu cha mwanachama na kungoja kilo ziandikwe. Jina lililokuwa kwenye kijitabu kile lilikuwa la baba, kwa kuwa shamba lilikuwa lake. Mikono iliyochuma na kuchambua ilikuwa ya mama. Anayetaka kuelewa historia ya ushirika katika nyanda za Gusii na aanzie hapo kwenye mizani, maana ndipo mkulima alipokiamini chama chake, na ndipo alipoanza kukitilia shaka.

Kushirikiana kwenyewe kulikuwako kabla ya sheria yoyote. Abagusii, wenyeji wa nyanda hizi, walikuwa na risaga: mwenye shamba aliwaita majirani waje kupalilia au kuvuna wimbi, na jioni akawakaribisha kwa pombe. Palikuwa pia na egesangio, kikundi kidogo cha watu waliolimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Deni la jasho lililipwa kwa jasho, na kila mtu alijua nani hakufika. Ushirika wa kisasa ulileta juu ya hayo daftari, mizani na soko la mbali ambalo mkulima hakuliona kwa macho yake.

Soko hilo lilifungwa kwa muda mrefu. Walowezi walikuwa na ushirika wao Lumbwa tangu 1908, na kahawa ilikuwa zao lao. Mwafrika alikatazwa kuipanda, kwa kisingizio kwamba angeeneza magonjwa na kuiba mavuno ya jirani mzungu. Nyuma ya maneno hayo palikuwa na hofu ya kukosa vibarua, kwani mwenye kahawa yake angekwenda kuchuma ya nani? Mwaka 1933 serikali ililegeza kamba kidogo, ikakubali majaribio ya ekari 100 katika kila moja ya wilaya 3: Kisii, Embu na Meru. Huku Gusii, Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari na Zakaria Angwenyi wanatajwa miongoni mwa waliotangulia kupanda.

Mkulima mwenye miche mia chache hawezi kujenga kiwanda. Matunda mekundu yanataka kumenywa siku ileile yaliyochumwa, yachachushwe, yaoshwe kwa maji mengi, kisha yaanikwe kwenye vitanda na kugeuzwa kwa siku nyingi. Kilo 6 au 7 za matunda hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi. Kwa hiyo kazi hii ilidai mikono ya pamoja. Sheria ya ushirika ya 1945 iliwafungulia Waafrika mlango wa kusajili vyama vyao, na mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 ukaongeza kasi ya upandaji. Viwanda vikajengwa kando ya mito, na baada ya uhuru vyama vya msingi vikawa chini ya muungano wa wilaya, uliowawekea wakulima hesabu, ukawapa mbolea na dawa kwa mkopo, na kuwafungulia akaunti za akiba. Wengi wa wazazi wetu waliweka shilingi yao ya kwanza kwenye akaunti ya aina hiyo.

Palipokuwa juu zaidi na baridi, ushirika ulinuka pareto. Maua yale meupe yalichumwa kila baada ya majuma kadhaa, yakakaushwa, yakapelekwa kwenye bodi ya pareto Nakuru, na Kisii ikawa miongoni mwa wilaya zilizoongoza kwa wakulima wadogo. Huko Borabu, mashamba yaliyokuwa ya walowezi yaligawanywa baada ya uhuru, na kila mradi wa makazi ukawa na chama chake: maziwa yakakusanywa pamoja, na mkopo wa ardhi ukakatwa kwenye malipo ya maziwa hayohayo. Chai ilifuata njia nyingine. Ilisimamiwa na KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, tangu 1964, ikalipa kila mwezi na kuongeza bonasi mwishoni mwa mwaka, na tofauti hiyo baadaye iliwauma sana wakulima wa kahawa.

Mwaka 1975 jalidi iliunguza mibuni ya Brazili, na bei ikapanda hadi watu wakajenga nyumba za mabati na kulipa karo ya sekondari bila kuuza ng'ombe. Kisha mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliogawa soko la kahawa ukavunjika, na bei ikaporomoka. Lakini bei peke yake haikuua imani. Mkulima alipeleka matunda Novemba, akalipwa baada ya miezi mingi, na kabla shilingi haijamfikia ilikuwa imepita kwa mkoboaji, wakala, mnada wa Nairobi, deni la chama na gharama za ofisi. Aliyesoma karatasi ya malipo aliona makato yaliyojaza ukurasa mzima, na chini yake kiasi kisichotosha kununua gunia la mahindi.

Sheria ya 1997 iliondoa mkono wa serikali kwenye vyama. Ilikuwa haki, kwani wanachama walistahili kujisimamia, lakini hawakuandaliwa. Katika maeneo ya kahawa vyama vikubwa vikavunjika vipande, kila kiwanda kikitaka kamati yake, na gharama zilizobebwa na maelfu zikawaangukia mamia. Nami nikitazama ramani ya vyama hivyo naona ramani ya mashamba yetu yenyewe: ekari ya babu imekatwa kwa wana, ikakatwa tena kwa wajukuu, hadi mistari ya kahawa ikabaki alama za mipaka. Kitaifa, mavuno yaliyofika tani 128,000 hivi msimu wa 1987/88 yalishuka hadi chini ya nusu. Hapa kwetu migomba na mahindi vilipandwa katikati ya mibuni, na mingine ikang'olewa kabisa.

Katika miaka ya karibuni serikali ilitenga shilingi bilioni 3 za kuwakopesha wakulima kwa riba ya asilimia 3 mara wanapopeleka matunda, ili wasingoje mnada, na tangu 2023 malipo ya mnada yanakusudiwa kupita benki moja kwa moja hadi kwa mkulima. Ni dawa ya kidonda chenyewe. Nasema hivyo kwa moyo wote, kwa kuwa niliona jinsi kungoja kulivyomkondesha mama.

Ndizi, ambazo sasa zinalisha nyumba nyingi Gusii, bado hazina mizani. Asubuhi sokoni Daraja Mbili dalali hushika mkungu kwenye shina, akaunyanyua mara moja, akautua na kutaja bei. Mwanamke aliyeubeba kutoka kilimani humtazama mkono.