Kutoka Kipande Hadi Kabambe

Shosho mmoja jirani yetu hapa Bahati ana kabambe, ile simu ya tochi tunayoita mulika mwizi. Juzi nilimsindikiza saiba kushughulikia cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Kijana wa saiba akamfungulia akaunti, akamchagulia nywila, kisha akaiandika kwenye daftari lake mwenyewe. Shosho akauliza, "Na hiyo inabaki kwako?" Hakujibiwa.

Swali hilo ni la zamani huku Eastlands. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alitembea na kikasha cha chuma shingoni, ndani mna alama za vidole na rekodi ya kazi. Mwajiri asipotia sahihi ya kukuachilia, hupati kazi kwingine. Yaani jina lako liko mkononi mwa mtu mwingine. Machi 1922 Harry Thuku, aliyepinga kipande na kodi, alikamatwa. Waliokusanyika kumdai nje ya kituo cha polisi Nairobi wakapigwa risasi. Aprili 1954 ikaja Operesheni Anvil: mitaa ikazingirwa, watu wakachujwa, maelfu wakapelekwa kizuizini. Wanawake nao waliingizwa kwenye sheria ya vitambulisho 1978 tu.

Halafu Machi 2007 ikaja M-Pesa, na tunasahau kwa nini ilishika. Haikumwambia mtu anunue simu mpya. Ilikaa ndani ya laini, ikafanya kazi kwenye simu yoyote ile, hata iliyofungwa kwa raba. Teknolojia ilimfuata mama mboga pale alipokuwa.

Siku hizi mama mboga ndiye anayeifuata. Juni 2023 serikali ilizindua Gava Mkononi, huduma zaidi ya 5,000 zikiwa eCitizen. Kazi za vibarua hutangazwa WhatsApp, chama kiko WhatsApp, na mwalimu anatuma homuwaki huko huko. Hakuna sheria inayosema lazima uwe na simu janja. Haihitajiki. Inatosha kila mtu akichukulia kwamba unayo.

Sisemi turudi kwenye foleni za kuamka saa kumi usiku. Wala simu si kipande; hakuna askari anayekukamata kwa kukosa simu janja. Lakini kipande kilitolewa na serikali. Simu unajinunulia, unaichaji kwa stima yako, unaiwekea bando. Ukikosa, unaazima mkono wa mtu, na pamoja na mkono unaacha namba ya kitambulisho na nywila kwenye daftari lake.

Dawa tunaijua tangu 2007: huduma ifanye kazi kwenye kabambe, na dirisha lenye mtu lisifungwe.

Tulipotoka, nilimwonyesha shosho jinsi ya kubadilisha nywila. Tulitumia simu yangu. Sasa mimi pia naijua.