Kutoka Kengele ya Ziwa Geneva hadi Bodi ya Arduino: Safari ya Kupima Sauti ya Majini

Mwaka 1826, usiku, mashua mbili zilitia nanga katika Ziwa Geneva, moja upande wa Rolle nchini Uswisi na nyingine upande wa Thonon, ng'ambo ya pili. Katikati yao palikuwa na maji ya mita 13,487. Chini ya mashua ya kwanza ilining'inizwa kengele ya kilo 65 hivi. Wenzo ulioipiga kengele ndani ya maji ndio huohuo ulioteremsha utambi wa moto kwenye rundo la baruti juu ya mashua, ili mlio na mwako vitoke kwa wakati mmoja. Katika mashua ya pili aliketi Jean-Daniel Colladon, kijana wa Geneva mwenye miaka 23, saa mkononi, sikio kwenye bomba refu la bati lililozamishwa majini, macho kayaelekeza gizani upande wa Rolle. Alipouona mwako alianzisha saa. Mlio ulipomfikia aliisimamisha. Zilikuwa zimepita sekunde 9.4 hivi.

Yeye na mwanahisabati mwenzake, Charles Sturm, walipiga hesabu wakapata mita 1,435 kwa sekunde katika maji ya nyuzijoto 8. Vipimo vya leo kwa maji matamu ya joto hilo vinatoa takriban mita 1,439. Tofauti ni mita nne tu, na kifaa kilikuwa bomba la bati na sikio la mtu. Hewani sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo majini inakwenda zaidi ya mara nne ya mwendo huo. Chuo cha sayansi cha Paris kiliwapa wawili hao tuzo yake kuu.

Hata hivyo, Colladon alipima mwendo wa sauti, hakupima ukubwa wake. Aliisikia kengele, lakini hakuwa na njia ya kusema ilikuwa na nguvu kiasi gani ilipomfikia. Kusikia ni jambo moja na kupima ni jingine. Pengo hilo limechukua karne mbili kuzibwa, na kwa watu wengi bado halijazibwa hata leo, ambapo kifaa cha kusikilizia bahari kinaweza kutengenezwa juu ya meza ya nyumbani.

Miaka ya mwanzo ya karne ya 20 sauti ya majini ilikuwa kazi ya mabaharia. Kampuni ya Submarine Signal, iliyoanzishwa Boston mwaka 1901, ilitundika kengele chini ya meli za taa ili vyombo vinavyopita vizisikie hata penye ukungu. Baada ya Titanic kugonga siwa la barafu mwaka 1912, haja ikawa kubwa zaidi. Aprili 1914, karibu na Newfoundland, mvumbuzi Reginald Fessenden alitumia mtambo wake wa kutoa sauti majini akapata mwangwi kutoka kwenye siwa la barafu lililokuwa kilomita tatu hivi kutoka melini. Miezi michache baadaye vita kuu vilianza, na nyambizi zikaifanya sauti ya majini kuwa suala la kufa na kupona.

Hapo ndipo alipoingia Mfaransa Paul Langevin. Ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, walikuwa wamegundua mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme, na Langevin alikuwa mwanafunzi wa Pierre. Mwaka 1917 alitumia vipande vya kwatsi kutuma na kupokea sauti majini, na mwaka uliofuata alipata mwangwi wa nyambizi. Tangu hapo kanuni haijabadilika: wimbi la sauti ni mgandamizo, mgandamizo unabana fuwele, fuwele inatoa volti. Haidrofoni (kifaa cha kusikilizia sauti majini) ya jeshi la wanamaji na ile ya mwanafunzi anayeunda ya kwake bwenini zina moyo mmoja. Kilichobadilika ni malighafi. Kutoka kwatsi watu wakahamia kwenye kauri, kwanza bariamu titaneti iliyogunduliwa wakati wa vita vya pili, kisha kauri yenye risasi ya miaka ya 1950 ambayo mpaka leo imo ndani ya vifaa vingi vinavyolia pi-pi majumbani.

Vita vya pili vilileta jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Wanamaji wa Marekani, wakisikiliza haidrofoni zao katika maji ya pwani yenye joto, walisikia kelele ya kutatarika isiyokatika usiku na mchana, kiasi cha kufunika sauti za meli. Wengine walidhani ni hila ya adui. Wanasayansi wa California waliofuatilia wakakuta chanzo chake ni kamba wadogo, wa sentimita chache tu, wanaoishi kwenye miamba na mawe na kufyatua gando moja lililo kubwa kuliko jingine. Jamii hii ya kamba imejaa pia kwenye matumbawe yetu kuanzia Lamu hadi Mtwara, na anayezamia pale huwasikia hata bila kifaa chochote. Mwaka 2000 wanasayansi walionyesha kwa picha za kasi kubwa kwamba mlio hautokani na gando kugongana. Gando likifunga kwa kasi, linasukuma mchirizi wa maji unaozaa kiputo, na kiputo hicho kinapoporomoka ndipo mlio hutoka.

Kamba hao ndio walioonyesha kwamba bahari ina kelele yake yenyewe, na kwamba kelele hiyo lazima ipimwe kabla ya mtu kudai amesikia kitu kingine. Mwaka 1962 mtafiti Gordon Wenz alichapisha mchoro uliokusanya vipimo vya wakati wake: upepo, mvua, meli za mbali, viumbe, kila kimoja na eneo lake la masafa na kiwango chake. Mchoro huo unatumika hadi leo, na nadhani yeyote anayetaka kutumbukiza kifaa baharini angeanza kwa kuukodolea macho kwa saa nzima.

Tatizo ni kwamba vipimo vingi vilikuwa mali ya majeshi. Marekani ilitandaza mtandao wa haidrofoni chini ya bahari kuanzia miaka ya 1950 kuzifuatilia nyambizi za Kisovyeti, na kazi ya mtandao huo ilikuwa siri hadi mwaka 1991. Hata uimbaji wa nyangumi ulitufikia kupitia mlango huo. Frank Watlington, mhandisi aliyekuwa akisikiliza bahari huko Bermuda kwa ajili ya jeshi la wanamaji, alinasa sauti za nyangumi wenye nundu na kumkabidhi mtafiti Roger Payne, aliyezitoa katika santuri mwaka 1970. Raia wa kawaida walizisikia sauti hizo kwa sababu mtu mmoja aliamua kuzigawa.

Mlango mwingine ulifunguliwa mwaka 2005 na walimu na wanafunzi wa taasisi ya usanifu katika mji wa Ivrea, Italia. Walitaka bodi ya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, ambayo mwanafunzi asiye mhandisi angeweza kuimudu, kwa bei na kwa ujuzi. Wakaiita Arduino, jina la baa waliyozoea kukutana. Michoro yake iliachwa wazi, kila mtu akaruhusiwa kuinakili, na ndiyo sababu leo inapatikana katika maduka ya vifaa vya elektroniki duniani kote. Haikubuniwa kwa ajili ya bahari, lakini wapenzi wa bahari hawakuchelewa kuichukua.

Tuitazame kazi hiyo kwa karibu. Haidrofoni rahisi huanza na kisahani cha shaba nyeupe chenye kauri juu yake, kile kinachotolewa ndani ya king'ora kidogo cha umeme. Nyaya mbili zinalehemiwa, moja kwenye shaba na nyingine kwenye kauri, kwa mkono mwepesi kwa sababu kauri ikipata moto mwingi inaharibika. Kebo iwe na ngao ya waya, la sivyo itaokota mngurumo wa umeme wa majumbani wa hezi 50 na kuufanya uonekane kama sauti ya bahari. Kisha kisahani kinazamishwa kwenye gundi ya epoksi isiyoacha hata tundu la hewa, kwani hewa iliyonaswa ndani hufyonza sauti. Kabla ya kukitumbukiza, mafundi wengine hukipaka sabuni ya maji ili viputo visikigande.

Halafu inakuja bodi, na hapa hesabu ndiyo bwana. Arduino ya kawaida hugawa volti 5 katika ngazi 1,024, yaani kila ngazi ni kama milivolti 4.9. Chukua haidrofoni nzuri inayotoa milivolti 1 kwa kila paskali 1 ya mgandamizo. Bila amplifaya, bodi haitatambua chochote kilicho chini ya paskali 4.9, ambazo kwa kipimo cha majini ni desibeli 134 hivi. Sehemu kubwa ya minong'ono ya bahari iko chini ya hapo. Amplifaya ya kukuza mara 100 hushusha kizingiti hicho hadi karibu desibeli 94, na sasa bodi inaanza kusikia. Tena kwa mpangilio wake wa kawaida hupima mara 9,600 hivi kwa sekunde, kwa hiyo haiwezi kunasa kwa uaminifu sauti iliyozidi hezi 4,800. Mlio wa kamba wetu, wenye nguvu nyingi juu ya hapo, utapotoshwa.

Desibeli zenyewe zinahitaji tahadhari. Hewani hupimwa kwa kulinganisha na maikropaskali 20, majini kwa kulinganisha na maikropaskali 1. Tofauti hiyo peke yake ni desibeli 26, na ukiongeza jinsi maji yanavyobeba sauti kwa namna tofauti na hewa, pengo linafika karibu 62. Mara kwa mara magazeti huandika kwamba nyangumi ana kelele kuliko ndege ya jeti kwa kulinganisha namba mbili zisizolingana. Jambo hili linaniumiza, kwa sababu msomaji hana njia ya kugundua.

Hatua kubwa iliyofuata ni AudioMoth, kinasa sauti kidogo cha maikrokontrola kilichoundwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Southampton na Oxford, kikaanza kusambazwa mwaka 2017. Hupima hadi mara 384,000 kwa sekunde na michoro yake iko wazi. Toleo lake la majini, HydroMoth, lilielezwa katika jarida la kisayansi mwaka 2022. Maikrofoni yake inabaki ndani ya kasha, ikisikia kupitia ukuta wa plastiki. Inatosha kabisa kujua kama samaki wanalia au boti imepita. Ukitaka kusema ni desibeli ngapi katika kila masafa, ukuta ule unakuwa kikwazo, na tunarudi kwenye pengo la Colladon.

Kwetu pwani suala hili si la kujifurahisha tu. Machi na Aprili 2015 watafiti walisafiri na haidrofoni kando ya pwani yote ya Tanzania wakithibitisha milipuko 318 ya uvuvi wa baruti, mingi kati yake ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Kabla ya hapo watu walikuwa wakibishana kwa masimulizi. Uvuvi huo ni haramu na unavunja matumbawe yanayohitaji miongo kuota tena, lakini ushahidi wake hutoweka pamoja na moshi. Haidrofoni haihitaji kumwona mvuvi.

Na mlipuko una sifa mbili zinazoifaa bodi duni kabisa. Nguvu zake nyingi ziko kwenye masafa ya chini, ndani ya zile hezi 4,800. Tena ni mkubwa kiasi kwamba ukitokea jirani unavuka desibeli 134 bila msaada wa amplifaya. Kazi ambayo Arduino ingeshindwa kwa kamba, inaiweza kwa baruti, na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za bahari vijijini vinaweza kuimudu gharama yake.

Kinachobaki ni kuipa namba zake uaminifu. Chuo au taasisi yoyote ya pwani yenye haidrofoni moja iliyopimwa maabara inaweza kusaidia kijiji kizima. Haidrofoni hiyo na ile ya kutengeneza nyumbani zinafungwa bega kwa bega, zinateremshwa kina kimoja, na spika ya majini inapiga mlio wa hezi 1,000. Ile ya maabara ikisema paskali 10 na ya nyumbani ikatoa milivolti 2, basi ya nyumbani inatoa milivolti 0.2 kwa paskali. Zoezi linarudiwa kwa masafa mengine, majibu yanaandikwa kwenye lebo isiyoingia maji, na lebo inafungwa kwenye kebo.