Bunkeya Haikujengwa kwa Ujumbe wa Simu



Nianze na haya yangu mwenyewe, ili mtu asiseme ninafundisha wengine. Mwaka jana nilipoteza dola 300. Dola 200 zilitoka kwa likelemba yetu: tuko watu kumi, kila mtu anatoa 20 kwa mwezi, na zamu yangu ilikuwa ya tatu. Zile 100 zingine dada yangu alinikopesha. Ndani ya gurupe moja ya WhatsApp kulikuwa na mtu anayeuza unga wa mahindi kutoka ng'ambo ya mpaka, Zambia. Picha za depo nzuri, bei nzuri, hata sauti yake ilikuwa ya mtu wa heshima. Nikatuma falanga kwa simu. Siku ya tatu namba yake haikupita tena. Miezi saba mbele nikaendelea kulipa likelemba ya unga ambao sikuuona hata kilo moja.

Mama mudogo wangu anauza unga sokoni, commune ya Kenya, hapa Lubumbashi, toka mimi niko mtoto. Nilipomweleza hakunionea huruma. Aliniangalia tu, akasema: «Sura yake haujue, nyumba yake haujue, mutu mwenye kumujua haujue. Sasa ulimupesha falanga ju ya nini?»

Sikuwa na jibu. Nina diplomi ya historia, na ile diplomi haikunisaidia kitu siku hiyo. Lakini swali la mama mudogo halikuniacha, kwa sababu ni swali la historia kweli. Kabla ya simu, kabla ya banki, kabla ya tribinali za kizungu, watu wa hapa kwetu Katanga walifanya biashara na watu walio mbali zaidi ya kilomita 1,000. Walikopeshana mali nyingi. Walijuaje nani wa kumwamini?

Twende Bunkeya.

Wengi wetu tunajua jina la Msiri, mwami wa Bayeke, kwa sababu ya kifo chake. Tunasahau kwamba kabla ya kuwa mwami alikuwa mfanyabiashara, mtoto wa mfanyabiashara. Baba yake, Kalasa, alitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akaja huku kutafuta shaba. Shaba yetu ilikuwa tayari imejulikana mbali: ile misalaba midogo tunayoiona leo kwenye picha na kwenye sanamu ilikuwa mali ya kubadilishana, kama falanga. Kalasa alikuja, akarudi kwao, akaja tena. Alijenga urafiki na machifu wa eneo hili. Katikati ya karne ya 19 mtoto wake alipokuja, hakuanza na sifuri. Kulikuwa na watu waliojua uso wa baba yake.

Kuelekea 1880 Bunkeya ilikuwa mji mkuu wake. Angalieni ramani: Bunkeya iko karibu katikati ya bahari mbili. Mashariki, njia ilikwenda Unyamwezi hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Magharibi, ilikwenda Bihé hadi Benguela, kwenye Atlantiki. Shaba, chumvi, pembe za ndovu, na, tusifiche, watumwa pia, walitoka Bunkeya. Bunduki, baruti, vitambaa na shanga viliingia. Mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika mwaka 1886 akitokea Benguela, na njia aliyoifuata ilikuwa njia ya wafanyabiashara. Wao walitangulia kuijua.

Sasa, kazi ilifanyika namna gani? Mfanyabiashara hakuwa anafika, anauza, anarudi. Alikaa kwa miezi. Alipewa mahali pa kulala, alikula na mwenyeji, alingoja pembe zikusanywe. Katika kungoja huko alionwa: kama ni mlevi, kama anatimiza neno, kama anawatendea vizuri wapagazi wake. Na yeye pia aliwaona wengine. Sisi leo tunaita vile kupoteza wakati. Kwao ulikuwa uchunguzi.

Halafu kulikuwa na ndoa. Msiri alioa wanawake wengi sana, na baadhi ya ndoa hizo zilikuwa njia za biashara. Mmoja anayejulikana ni Maria de Fonseca, wa upande wa Angola, wa familia yenye uhusiano na wafanyabiashara Wareno. Kupitia yeye mlango wa magharibi ulikuwa wazi. Mtu wa Bihé aliyeleta baruti Bunkeya alijua kwamba analeta kwa shemeji.

Na kulikuwa na undugu wa damu. Katika miaka ya 1850 David Livingstone alieleza desturi hiyo kwa Balunda, magharibi ya kwetu, ambako iliitwa kasendi. Watu wawili wanachanjwa kidogo, damu kidogo ya kila mmoja inatiwa ndani ya pombe, na kila mmoja anakunywa ya mwenzake. Toka siku hiyo wanapeana zawadi za thamani, na kila mmoja analazimika kumwonya mwenzake akisikia hatari inamjia. Livingstone aliona wasafiri na wenyeji wakifanya hivyo mbele ya watu. Hayo maneno matatu, mbele ya watu, ndiyo ya muhimu. Damu peke yake haizuii wizi. Kinachozuia ni kwamba kijiji kizima kimeona. Ukimdanganya ndugu yako wa damu, hutapita tena kwenye njia ile, na mtoto wako hatapita.

Hilo ndilo jibu la kwanza nililopata kwa swali la mama mudogo. Watu wa Bunkeya hawakuaminiana kwa sababu walikuwa wazuri kuliko sisi. Waliaminiana kwa sababu uso wa mtu ulikuwa dhamana. Uso ulikuwa na nyumba, na ndoa, na mashahidi. Yule wangu wa WhatsApp alikuwa na picha ya depo tu.

Lakini historia haitaki tuiimbie nyimbo. Ni Bunkeya ileile inayotuonyesha kwamba kuonana hakutoshi.

Mwishoni mwa 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alikuja kutafuta mkataba. Msiri alimkataa. Baadaye akafikiri upya, akaandikisha barua ya kumwita Sharpe arudi. Ile barua haikufika. Njiani ilianguka mikononi mwa msafara wa William Stairs, aliyetumwa kwa ajili ya Leopold II. Yaani ujumbe wa siri ulisomwa na mshindani kabla ya kumfikia mwenyewe! Sisi tunaopiga kelele kila siku juu ya ujumbe kupotea kwa watu wengine, tujue jambo hili lina zaidi ya miaka 130 hapa kwetu. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapiteni Omer Bodson alikwenda kumwona Msiri na watu wenye silaha. Walikutana uso kwa uso kabisa. Msiri aliuawa pale, na Bodson naye alipigwa risasi akafa. Katika kukutana kule hapakuwa na zawadi, hapakuwa na undugu, hapakuwa na shahidi ambaye pande zote mbili zilimheshimu. Kulikuwa na bunduki tu.

Nipite haraka kwenye karne ya 20. Mwaka 1906 Union Minière ilianzishwa, na mwaka 1910 Lubumbashi ikazaliwa kwa jina la Élisabethville, reli ikafika kutoka kusini. Kazi za migodi zikawa za kampuni, lakini maduka yalikuwa ya familia. Wagiriki walikuwa wengi, na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Kijana alifika mikono mitupu, mjomba akampa kazi nyuma ya meza ya duka, kisha akampa mali kwa mkopo afungue duka lake. Hakuna banki ingemkopesha kijana yule. Mjomba alimkopesha kwa sababu alijua mama yake. Ni Bunkeya ileile kwa nguo zingine.

Na hapo kuna ubaya wake, tuuseme. Mtoto wa Kamalondo hakuwa na mjomba huyo. Wakoloni walitenga miji, mzungu huku, mweusi kule, na dhamana ya uso ilibaki ndani ya uzio. Mtandao wa watu wanaojuana ni mzuri sana kwa yule aliye ndani. Kwa aliye nje ni ukuta. Sisi wasomi tunajua jambo hili: mara ngapi tumepeleka dosie mahali, na kazi ikachukuliwa na mtoto wa mtu?

Halafu tarehe 30 Novemba 1973. Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazairwa. Wazee wetu wanakumbuka Zairianisasio kwa rafu tupu. Wengi wanasema waliopewa maduka walikula mtaji, na ni kweli kwa wengi. Lakini mimi naona sababu nyingine pembeni. Aliyepewa duka alipokea ufunguo, kuta na mali iliyokuwemo. Hakupokea wauzaji wa jumla waliokuwa wakimletea mwenye duka mali kwa mkopo miaka ishirini. Wale walimjua mwenye duka, si jengo lake. Mali ya kwanza ilipokwisha, nani angeleta ya pili bila kulipwa kwanza? Unaweza kuandika amri ya kuhamisha duka. Huwezi kuandika amri ya kuhamisha imani.

Na mwaka 1990, mgodi wa Kamoto ulipoporomoka na Gécamines ikaanza kuanguka, mishahara ikakawia halafu ikakosekana, nani aliwasha moto nyumbani? Ni mama zetu. Walikwenda kutafuta unga ili bukari isikosekane mezani. Hawakuwa na banki. Walikuwa na likelemba, na walikuwa na mtu mmoja mmoja waliyemjua upande wa pili. Mama mudogo ni mmoja wa wale.

Baada ya hasara yangu alinichukua tuende Kasumbalesa. Nilidhani tutauliza bei, tununue, turudi. Tuliposhuka tu akaanza kusalimu. Mpagazi wa mkokoteni, mama wa mandazi, kijana anayelinda depo, mzee mmoja aliyekuwa mgonjwa. Nilihesabu watu kumi na mmoja kabla hajataja neno unga. Kwa kila mmoja alisema: «Uyu ni mutoto ya dada yangu.» Mimi nilikuwa nimechoka, jua kali, moyoni nasema mama, haraka basi. Kumbe alikuwa anafanya kazi. Alikuwa ananipa uso. Depo ya mwisho, mwenye mali akaniuliza ninatoka nyumba gani, baba yangu alifanya kazi wapi, nitaoa lini. Kisha akatupa mifuko ishirini: kumi tulilipa, kumi kwa neno la mama mudogo.

Leo namba ya mwenye mali yule iko kwenye simu yangu. Ninamwandikia kwa WhatsApp, ananipigia picha ya mali, ninatuma falanga kwa simu, unga unafika. Ni WhatsApp ileile iliyonila dola 300. Tofauti ni kwamba sasa ujumbe unapita juu ya njia ambayo miguu ilitangulia kuikanyaga.

Kwa hiyo sitawaambia mfute gurupe zenu. Kwa kijana asiye na mjomba, simu imefanya kitu ambacho Élisabethville haikufanya: imetoboa uzio. Mtoto wa Katuba anaweza leo kumpata muuzaji wa Ndola bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kumpata, nasema. Kumwamini ni kazi nyingine, na hiyo simu haijaifanya bado.

Mimi nimejiwekea kanuni tatu, na nimezitoa kwa watu wa zamani. Ya kwanza: kabla ya kutuma falanga kwa mtu mpya, nafika kwake, au nampata mtu ninayemjua ambaye amefika. Kama safari ni ya dola 15 na mali ni ya 300, safari si hasara. Ya pili: tunapokubaliana, awepo mtu wa tatu ambaye sisi wawili tunaona haya mbele yake. Ya tatu, na hii ni deni letu sisi tulio na diplomi: ukishapata uso mahali, usiufungie kwako. Chukua mwenzako mmoja asiye na mtu, tembea naye, sema «uyu ni mutoto ya kwetu». La sivyo tutajenga uzio uleule wa zamani, na safari hii wazungu hawatakuwapo tuwalaumu.

Dada yangu nimekwisha kumrudishia 100 zake. Likelemba nayo imekwisha, na tumeanza mzunguko mpya. Sasa tunakutana jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kila mtu analeta 20 zake mkononi, hata kama ingekuwa rahisi kutuma kwa simu. Wawili walilalamika juu ya transpoti. Mwezi wa pili wakanyamaza, kwa sababu mmoja wao alipata pale mteja wa saruji.

Na ninyi, ni nani aliyewahi kuwapa uso mahali? Tuelezeni hapa chini. Na mkiwa Lubumbashi, basi tuonane.