Mizani ya Sheikh Amri Abedi

Mahindi yakishavunwa, neno linalobishaniwa kuliko yote katika masoko ya Sumbawanga ni mizani. Mkulima aliyetoka Laela hataki lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita mdomo kisha likashonewa kamba juu. Anataka gunia lipandishwe, kilo zisomwe naye akiona. Mwanawe analikuta neno hilohilo darasani, katika somo la ushairi: mizani nane, kisha nane, mshororo umetimia. Ukizidisha moja, umefunga lumbesa.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, lile ambalo Wafipa wa Sumbawanga huliteremkia Kasanga na Kirando, alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954. Nalipenda sana jina hilo. Hakusema mawaidha wala maelekezo, alisema sheria. Na mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alimkabidhi Wizara ya Sheria. Mikononi mwa mtu mmoja mizani ikawa ya shairi na ya haki pia. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 40 tu.

Kabla ya hapo, katika miaka ya 1950, Amri alikwenda Rabwah, Pakistan, kusomea dini, katika nchi inayomwenzi Muhammad Iqbal, mshairi na mwanasheria aliyefariki Lahore mwaka 1938. Washairi wa Kiurdu, lugha ya huko, nao wana *vazn*, ndugu wa uzani wetu, na *bahr*, ndugu wa bahari. Ila kwao silabi ndefu na fupi hazina uzito sawa, na bahari ni mpangilio wa hizo ndefu na fupi. Sisi tumeyapokea maneno kutoka Kiarabu tukayapa kazi nyingine: bahari ni aina ya utungo, na katika mizani kila silabi ni moja, iwe imetamkwa kwa mkazo au bila mkazo.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaotaka tuseme "idadi ya silabi" basi, mizani iachwe. Idadi huhesabiwa kwa vidole hata na asiyesikia utamu wa utenzi. Mizani humtaka mtunzi akubali kupimwa mbele ya watu, kama Amri alivyokubali: sheria na diwani yake mwenyewe alizitoa pamoja, ndani ya kitabu kimoja, ili msomaji afungue kurasa na kumpima kwa sheria zake.