Pinchbeck: Jina Lililogeuzwa Tusi

Ndugu msomaji, fungua kamusi kubwa ya Kiingereza utafute neno pinchbeck. Utaambiwa ni kitu cha bandia, kile ambacho vijana wa mjini tunakiita feki. Utadhani neno hilo limezaliwa vinywani mwa matapeli. Wapi! Ni jina la ukoo, tena la mafundi hodari.

Tuanze na mahali. Mashariki mwa Uingereza, mkoani Lincolnshire, kipo kijiji cha Pinchbeck, jirani na mji wa Spalding. Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, ambamo Mfalme William aliorodhesha ardhi na mali za nchi, kinakitaja kwa tahajia ya Pincebec. Wataalamu wa majina wanavutana: wengine wanasema maana yake ni kijito cha visamaki, wengine eti ni mwinuko wa chiriku. Vyovyote iwavyo, aliyehama pale aliitwa kwa jina la kwao, na watoto wakalirithi. Majina mengi ya ukoo ya Waingereza yalipatikana hivyo hivyo.

Sasa anaingia Christopher Pinchbeck, fundi saa wa Fleet Street, London. Huyu bwana alikuwa na mikono! Saa zake zilipiga muziki na kuonyesha mienendo ya nyota. Akachanganya shaba na zinki kwa kipimo chake mwenyewe, akapata madini yanayong'aa kama dhahabu. Wasiomudu dhahabu nao wakapata cha kuvaa.

Alifariki mwaka 1732. Mwaka uliofuata, mwanawe Edward alitangaza gazetini kwamba yeye peke yake ndiye muuzaji wa vitu vya madini ya marehemu baba yake. Kumbe waigaji walishaingia kazini. Feki nayo ilikuwa na feki zake! Na tangazo lenyewe halikuficha kitu: lilisema madini hayo yanafanana na dhahabu, halikusema ni dhahabu.

Lakini nani alijali? Vitu duni vilipozidi sokoni, vyote viliitwa pinchbeck. Halafu mwaka 1854 sheria ya Uingereza ikaruhusu dhahabu ya karati 9, na watu wakapata dhahabu ya kweli kwa bei nafuu. Madini ya fundi yakapoteza soko. Jina likabaki kamusini, limebeba uongo wa watu wengine.

Wahenga walituonya kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Hawakutuambia kuwa lawama itamwangukia hata yule aliyesema wazi kuwa hauzi dhahabu. Basi mwandishi mwenzangu, kalamu yako ikitaka kuligeuza jina la mtu kuwa tusi, isimamishe kidogo. Uliza kwanza: kosa lilikuwa la nani? Wenye jina wana watoto, na watoto hao watajibu wakiitwa.